Nani Hayupo Hapa?

Watu wanaokuja ofisini kwetu kuuziana nyumba au shamba huwa wamekwisha maliza maneno yao. Bei wameshapatana, dalali ameshaahidiwa chake, na mara nyingi sehemu ya fedha imeshatoka mfuko mmoja kuingia mwingine. Wanachokifuata kwetu ni mhuri. Muuzaji hutazama saa, mnunuzi hukumbatia mkoba wake, dalali husimama karibu na mlango akipokea simu za watu wengine. Wakili, ambaye nimekuwa karani wake kwa miaka mingi hapa Tanga, humsalimu kila mtu kwa umri wake, huwakalisha, kisha huuliza swali moja kabla hajagusa karatasi: "Nani hayupo hapa ambaye alipaswa kuwepo?"

Wengi hulijibu upesi. "Hakuna, wakili. Sote tupo." Hudhani ni swali la utaratibu, kama kuulizwa namba ya kitambulisho. Mimi nimelisikia mara nyingi mno na nimekuja kuamini kwamba ni swali la dini kabla halijawa la sheria. Nataka kueleza kwa nini, maana mjini kwetu lipo wazo la siku nyingi, tena lenye heshima zake, kwamba ndugu na ndugu, au muumini na muumini mwenzake, wakienda kuandikishiana kwa wakili, basi imani imeshawatoka.

Mzee mmoja wa Makorora aliwahi kumwambia wakili kwa uchungu wa kweli: "Mwanangu, mimi na huyu tumesoma chuo kimoja, tumezikiana wazazi. Leo unataka nitie dole gumba kama mtu aliyekamatwa?" Alikuwa anamuuzia rafiki yake nyumba ya Ngamiani, na aliona fedheha kuketi mbele ya kijana aliyevaa tai na kuulizwa kama nyumba ni yake. Wakili aliinuka, akazunguka meza, akaketi kiti cha pembeni yake. "Mzee wangu, wewe humshuku, naye hakushuku. Lakini wajukuu zenu hawakusoma chuo kimoja."

Mzee alinyamaza kidogo, kisha akaniomba kile kidau cha wino.

Mimi ni Mwislamu, na aya ninayoitegemea katika jambo hili ni ya 282 ya Suratul Baqara. Ndiyo aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, nayo haizungumzii sala wala Hijja. Inazungumzia kuandikiana. Inawaagiza waumini wanapokopeshana kwa muda maalumu waandike, na awepo mwandishi wa kuandika kwa uadilifu, asiyekataa kuandika. Inataka mwenye kudaiwa ndiye aseme maneno ya kuandikwa, ili maneno yawe yake. Na kama mtu huyo ni mpungufu wa akili au dhaifu, au hawezi kusema mwenyewe, basi msimamizi wake aseme kwa niaba yake, kwa haki. Inataka mashahidi. Biashara ya papo kwa papo imeruhusiwa kutoandikwa, lakini hata hapo watu wameagizwa washuhudishe wanapouziana. Na mwishoni imekataza mwandishi na shahidi wasidhuriwe.

Maulamaa wengi wameliona agizo hilo la kuandika kuwa ni la kupendekezwa, si la lazima, na aya inayofuata inasema kwamba watu wakiaminiana, basi aliyeaminiwa airejeshe amana. Wazee wetu hushika hapo. Husema: umeona, kuaminiana kumeruhusiwa. Ni kweli kumeruhusiwa. Lakini naomba tuisome aya ile tukiangalia nani ametajwa ndani yake. Ametajwa dhaifu. Ametajwa asiyeweza kusema. Aya ingeweza kuwazungumzia watu wawili wenye akili timamu wanaopeana mikono, ikaishia hapo. Badala yake imekwenda kumtafuta mtu wa tatu, yule ambaye mkutano ungeweza kumalizika bila sauti yake kusikika, na ikamwekea msemaji. Kuaminiana ni jambo la waliopo. Mimi nikikuamini, imani yangu inanifunga mimi na wewe. Haimfungi mtoto wako ambaye bado ananyonya, wala haimlindi wa kwangu.

Na ardhi, tofauti na mbuzi au gunia la mahindi, huwazika wote waliouziana. Hapo ndipo ninaposimama mimi. Katika mauziano ya ardhi, wenye haki wengi zaidi hawamo chumbani. Wengine wako safarini, wengine wako makaburini, wengine hawajazaliwa. Anayeketi kuandika anaandika kwa ajili yao kabla ya kuandika kwa ajili ya hawa wanaotazama saa.

Sheria yetu ya Tanzania inakubaliana na hilo kuliko watu wanavyodhani. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inaanza na msingi kwamba ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, imewekwa chini ya Rais kama mdhamini kwa niaba ya wananchi wote. Mtu hapewi ardhi yenyewe. Hupewa haki ya kuimiliki kwa muda, na hati ya mjini huandikwa miaka 33, au 66, au ikizidi sana 99. Wateja wengine hushtuka wakiisoma hati yao vizuri kwa mara ya kwanza. Baba mmoja aliuliza, "Kwa hiyo nimenunua nini?" Wakili alimjibu kwamba amenunua nafasi katika foleni, na kwamba mbele yake na nyuma yake wapo watu.

Wazo hili lina historia. Mwaka 1958, kabla ya uhuru, Mwalimu Nyerere aliandika makala aliyoiita "Mali ya Taifa", akipinga ardhi kufanywa mali ya mtu binafsi ya kuuzwa moja kwa moja. Hoja yake ilikuwa ya kidini waziwazi: ardhi ni zawadi ya Mungu kwa viumbe wake, hakuna mtu aliyeitengeneza. Mtu anaweza kudai jasho lake, yaani kisima alichochimba, mti alioupanda, nyumba aliyoijenga. Udongo wenyewe hawezi kuudai. Alihofia kwamba ardhi ikiuzwa kama nguo, wachache wenye fedha wataichukua yote na waliobaki watakuwa wapangaji katika nchi yao. Mwaka 1963 umiliki wa moja kwa moja uliorithiwa kutoka kwa wakoloni ukafutwa, ukageuzwa upangaji wa serikali wa miaka 99. Kwa muda mrefu baada ya hapo, kisheria kilichokuwa na bei ni maendelezo tu: ukuta, bati, minazi. Sheria ya 1999 ndiyo iliyokubali kwamba haki juu ya ardhi nayo ina thamani yake. Nadhani ilikuwa ni kukiri ukweli wa sokoni, kwa sababu watu walikuwa wanalipana fedha nyingi kwa kiwanja kitupu huku karatasi zikisema wananunua msingi wa nyumba.

Wakili wangu ni Mlutheri, mtoto wa Lushoto, na Walutheri wa Usambara wanaijua Biblia yao. Yeye hushika kitabu cha Mambo ya Walawi, sura ya 25, ambapo Mungu anakataza ardhi isiuzwe moja kwa moja kwa sababu ni yake Yeye, na watu ni wageni tu juu yake. Lakini sehemu anayoipenda zaidi, na aliyonisomea siku ya mvua tulipokuwa tunamsubiri mteja, ni sura ya 32 ya Yeremia. Jeshi la Babeli limeuzunguka mji wa Yerusalemu. Nabii mwenyewe amefungwa uani kwa walinzi. Anakuja binamu yake kumtaka anunue shamba la Anathothi, na Yeremia ananunua. Anapima shekeli 17 za fedha kwenye mizani, anaandika hati, anatia mhuri, anaita mashahidi. Hati ziko mbili, moja imefungwa kwa mhuri na nyingine iko wazi, na zote anampa Baruku, mwandishi wake, aziweke katika chombo cha udongo zidumu siku nyingi.

"Ananunua kwa ajili ya nani?" wakili aliniuliza. Yeye mwenyewe hana mke wala mtoto, na shamba limeshakanyagwa na askari. Ananunua kwa ajili ya watu watakaorudi kutoka uhamishoni, wakati yeye hayupo tena. Ndiyo maana ya kile chombo cha udongo. Tangu siku hiyo kabati letu la mafaili siliangalii kama kabati.

Sasa niseme mambo yanavyokwenda. Kwanza ni upekuzi katika ofisi ya ardhi: jina lililoandikwa kwenye daftari ni la nani, kuna rehani ya benki, kuna zuio la mahakama, pango la ardhi limelipwa? Zamani mafaili yalisafiri hadi makao ya kanda. Tangu 2020 kila mkoa una ofisi yake. Halafu mthamini anakwenda kutazama. Halafu mkataba wa mauziano, fomu za kuomba kibali na za uhamisho, kodi ya Mamlaka ya Mapato, TRA, ya asilimia 10 ya faida kwa muuzaji aliye mkazi, ushuru wa stempu wa asilimia 1, ada ya kusajili. Hayo kila ofisi inayafanya na sina haja ya kuyapamba.

Kuna jambo moja ambalo si kila ofisi inalifanya. Siku ya kusaini, wakili husoma mkataba wote kwa sauti, kwa Kiswahili, neno kwa neno. Mikataba mingi bado huandikwa kwa Kiingereza, hata baada ya sheria ya 2021 kuifanya lugha yetu kuwa lugha ya mahakama. Yeye hutafsiri akisoma, na akifika kwenye mipaka hupunguza mwendo. Kaskazini kuna nini, kusini kuna nyumba ya nani, bikoni zina namba gani. Picha ndogo za pasipoti za muuzaji na mnunuzi zimebandikwa. Mimi nashika mkono wa bibi asiyejua kuandika, nafuta kidole chake kwa kitambaa, nakizungusha kwenye wino kutoka upande mmoja wa ukucha hadi wa pili, nakilaza kwenye karatasi bila kukisukuma. Kidole cha mtu aliyelima maisha yake yote hakitoi alama nzuri. Mistari imefutika. Inabidi kurudia, na kila tukirudia humwambia, "Pole, bibi, tunataka ionekane kuwa ni wewe."

Na mtu akiwa ameoa, mkewe hayuko pembeni. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, imekataza nyumba ya ndoa kuuzwa au kuwekwa rehani bila ridhaa ya mwenzi mwingine. Nimewaona wanawake walioletwa na kuachwa kwenye benchi la nje wakisubiri kuitwa watie saini. Wakili huwaita mapema, na huwaketisha kabla ya kusoma, ili wasikie bei.

Lakini daftari la serikali haliwajui wote wasiokuwepo, na hili ndilo lililonifundisha zaidi. Kuna shamba moja upande wa Pongwe lililokuwa linauzwa. Karatasi zake zilikuwa safi. Muuzaji alikuwa na barua zake, mwenyekiti wa mtaa alishamtambua, mnunuzi alitaka kujenga maghala. Wakili alisema tuende. Huwa anasema hivyo daima, na madalali hawapendi. Tulitembea kufuata mpaka, na kwenye kona ya mashariki, chini ya miembe, tukakuta makaburi. Mawe ya matumbawe yamepangwa mstari, kigae cha sahani ya buluu kimechomekwa upande wa kichwani, na mahali pamefagiliwa. Mtu alikuwa amefagia wiki ile ile.

"Haya ya nani?" wakili akauliza.

"Ya wazee wa zamani tu," muuzaji akajibu.

Jirani alikuwepo, mama mtu mzima anasuka makuti mbele ya nyumba yake. Nilimwamkia, akaitikia, nikamuuliza. Alinyoosha kidole bila kuinuka. "Pale kalala mama yangu. Na yule wa pembeni somo yangu, mtoto wa shangazi. Mimi ndiye ninayefagia." Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba shamba linauzwa. Hakuwa na dai la ardhi. Shamba halikuwa la ukoo wake, mama yake alizikwa pale kwa hisani ya mwenye shamba wa wakati huo. Kwa kipimo cha daftari, hayupo. Na miembe ile miwili, ikajulikana, ilipandwa na mume wake, na kwa desturi ya pwani yetu mti unaweza kuwa wa mmoja na udongo ukawa wa mwingine.

Mkataba ule uliandikwa upya. Eneo la makaburi lilipimwa kwa hatua na kutolewa nje ya mauzo, njia ya kufika pale ikatajwa, na miembe ikalipwa kwa mama yule kwa jina lake. Mnunuzi hakufurahi. Alipunguza bei kidogo, na muuzaji akakubali kwa sababu alitaka fedha zake. Huo ndio mkataba ninaouona kuwa bora kuliko yote niliyowahi kuiandika kwa mikono yangu, na hauna maneno makubwa hata moja.

Wapo watakaosema kwamba karatasi zenyewe ndizo zilizotudhulumu. Ni kweli, na Tanga yetu ni ushahidi. Mwaka 1893 mkonge uliletwa katika nchi hii na Dakta Richard Hindorf, na miaka miwili baadaye, Novemba 1895, serikali ya Wajerumani ikatoa tamko kwamba ardhi yote isiyo na mwenyewe ni mali ya dola yao. Isiyo na mwenyewe maana yake ilikuwa ile ambayo mwenyewe hakuweza kuithibitisha mbele yao. Mashamba makubwa ya mkonge yakapimwa, yakaandikwa, yakatiwa mihuri, kila kitu kwa unadhifu. Watu waliokuwa wakilima pale, na wazee wao waliozikwa pale, hawakuandikwa. Ilibidi tufike mwaka 1928 ndipo sheria ya Waingereza, ile ya ardhi ya 1923, ikarekebishwa kutambua kwamba Mwafrika anayeishi kwa mila za kwao ana haki ya ardhi yake ingawa hana karatasi.

Kwa hiyo sisemi kwamba maandishi ni haki. Maandishi ya Wajerumani yalikuwa mazuri kuliko yetu. Kilichokosekana ni lile swali. Hakuna aliyesimama shambani akauliza nani hayupo, au aliyeuliza hakutaka jibu. Aya ya Baqara haikusema tu "andikeni". Ilisema mwandishi aandike kwa uadilifu, na uadilifu huo uko katika yale anayoyatafuta kabla hajaandika. Mwandishi anaweza kuandika kila neno sawasawa na bado akawa dhalimu, kwa kuwaandika wale waliokuja tu.

Na wapo mawakili wa namna hiyo leo. Nitasema bila kumtaja mtu. Wapo wanaoshuhudia saini ya mtu ambaye hawajamwona kwa macho, kwa kuwa dalali ameleta fomu imeshasainiwa na anaharakisha. Mtu akitia mhuri chini ya maneno yanayosema "imesainiwa mbele yangu", na haikusainiwa mbele yake, ametoa ushahidi wa uongo. Dini zetu zote mbili zinauhesabu ushahidi wa uongo katika madhambi makubwa. Sioni kwa nini uongo huo uwe mdogo ukiwa na mhuri wa duara.

Kisa kingine ni cha nyumba ya mirathi, Barabara ya Kumi na Tano. Kaka watatu walikuja. Baba amefariki, mahakama imeshamteua mkubwa wao kuwa msimamizi wa mirathi, mnunuzi yupo na fedha zipo. Wakili akauliza swali lake. Wakatazamana. Mdogo wao ndiye aliyesema: "Tuna dada, yuko Maskati." Mkubwa akadakia kwamba dada ana maisha yake, ameolewa huko, hana haja, na mambo haya wamezoea kumfanyia.

"Mpigieni," wakili akasema.

Wakampigia kwa video, pale pale mezani. Dada alikuwa jikoni, kanga begani. Kaka yake mkubwa akamweleza kwa maneno matamu, akamaliza, "Wewe si ulisema hutaki chochote?" Dada akakaa kimya hadi nikadhani mtandao umekatika. Kisha akasema, "Nilisema sitaki ugomvi. Sikusema nisiulizwe."

Msimamizi wa mirathi ana mamlaka yake, na pengine mtu mwingine angesema simu ile imetosha. Wakili hakusaini. Alitaka dada apelekewe mkataba, ausome, aandike ridhaa yake mbele ya afisa wa ubalozi wetu kule Maskati. Ilichukua muda. Mnunuzi alitishia kujitoa, kaka mkubwa alikuja mara kwa mara kufoka, na mimi ndiye niliyekuwa nafokewa. Karatasi zilifika mkononi mwa jamaa aliyekuja kwa ndege kupitia Dar es Salaam, zimekunjwa ndani ya mfuko wa tende. Nyumba ikauzwa. Dada alipewa fungu lake kama lilivyopangwa katika Qur'ani, nusu ya fungu la kaka mmoja, na alilichukua lote. Hakusamehe hata shilingi. Nilifurahi kwamba hakusamehe. Haki ambayo mtu anaonekana mwema pale tu anapoiacha haijatambuliwa bado kuwa ni haki.

Katika Hadithi sahihi tunasimuliwa mtu aliyenunua ardhi akakuta humo mtungi wa dhahabu. Akamrudia muuzaji: chukua dhahabu yako, mimi nilinunua ardhi, sikununua dhahabu. Muuzaji akakataa: nilikuuzia ardhi na vilivyomo. Wakaenda kwa hakimu, kila mmoja akimsukumia mwenzake mali. Hakimu akauliza kama wana watoto. Mmoja ana kijana, mwingine ana binti. Akaamua waozeshwe, na dhahabu itumike kwao, na sehemu itolewe sadaka. Nilipokuwa mdogo niliisikia kama kisa cha watu waaminifu. Sasa naona kwamba uaminifu wao haukutosha kumaliza shauri. Watu wawili wema walikwama, na waliwahitaji wasiokuwepo, watoto wao, ndipo jambo likapata mwisho. Hakimu yule aliuliza swali lile lile la wakili wangu.

Nayajua malalamiko. Gharama ni kubwa kwa mtu wa kiwanja kidogo, na ndiyo maana wengi huishia kwa mwenyekiti wa mtaa na karatasi ya daftari. Siwalaumu. Hata karatasi ya daftari inaweza kuandikwa kwa uadilifu, ikiwa aliyeiandika amekwenda kusimama kwenye kiwanja na ameita majirani. Na hati ya ofisi ya ardhi inaweza kuandikwa kwa dhuluma. Ninachokidai hakihitaji fedha nyingi. Kinahitaji siku chache za kusubiri, na kusubiri ndiko kunakowauma wengi.

Basi ombi langu nalielekeza kwa masheikh na wachungaji wa mji huu. Misikiti yetu hutangaza misiba, mtoto aliyepotea, pochi iliyookotwa. Makanisa hutangaza ndoa wiki kadhaa kabla, ili mwenye pingamizi aje. Tangazeni na mauziano ya mashamba na nyumba za ukoo. Majuma mawili kabla ya kusaini, baada ya sala ya Ijumaa na baada ya ibada ya Jumapili, itajwe kwamba shamba la mahali fulani, la marehemu fulani, linauzwa, na mwenye kaburi, mti, njia, deni au urithi ndani yake ajitokeze. Hakuna sheria inayowazuia. Mwenyekiti wa mtaa abandike vilevile ukutani kwake. Na yeyote atakayekuja ofisini kwetu kwa tangazo hilo, awe na karatasi au hana, mimi ndiye nitakayempokea, na hatatozwa kitu kwa kusikilizwa.